Pointi Tisa za Oktoba: Hesabu Iliyoamua Msimu wa EuroLeague wa 2023-24

Waheshimiwa viongozi wa vilabu, makocha, waamuzi, na ninyi mnaokaa meza ya rekodi, ambao mara nyingi mnasahaulika kwenye salamu: wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za jioni.

Mada ya leo ni msimu mmoja tu wa vilabu vya mpira wa kikapu vya Ulaya, EuroLeague ya 2023-24. Anayeutazama msimu ule kuanzia mwisho wake anaona Panathinaikos wakinyanyua kombe Berlin, Mei 26, 2024, baada ya kuifunga Real Madrid 95-80. Tutafika huko. Kwanza naomba tuusimamishe mwezi Aprili, siku mechi za ligi zilipokwisha, tuusome msimamo mstari kwa mstari. Pale pana kitu ambacho kocha wa ligi yoyote ya nyumbani na ugenini anaweza kuanza kukitumia Jumamosi hii.

Muundo wenyewe ni mwepesi. Timu zilikuwa 18, kila moja ikicheza na wenzake 17 nyumbani na ugenini, yaani mechi 34. Kwa jumla ni mechi 306 kabla ya mtoano. Sita za juu ziliingia robo fainali moja kwa moja. Wa saba hadi wa kumi walipitia mchujo wa awali, hatua iliyoanzishwa msimu huo huo kwa mara ya kwanza. Kuanzia wa 11 kwenda chini safari iliishia hapo.

Real Madrid walimaliza kileleni kwa ushindi 27 na vipigo 7, na hakuna aliyewasogelea. Sasa tazameni waliofuata. Panathinaikos 23-11, Monaco 23-11. Barcelona 22-12, Olympiacos 22-12. Fenerbahçe 20-14, Maccabi Tel Aviv 20-14. Nafasi ya pili na ya tatu, ya nne na ya tano, ya sita na ya saba: jozi tatu zinafuatana, na kila jozi imelingana kabisa baada ya miezi sita ya kazi.

Kila jozi ilikuwa na mali yake ya kugombea. Kati ya Panathinaikos na Monaco, kilichogombewa ni mpinzani wa robo fainali, kwa kuwa wote wawili walishapata faida ya kuanzia nyumbani. Kati ya Barcelona na Olympiacos kilichogombewa ni uwanja: wa nne anaanzia kwake, wa tano anaanzia ugenini. Na kati ya Fenerbahçe na Maccabi ilikuwa kubwa zaidi. Wa sita anapumzika akiisubiri robo fainali, wa saba analazimika kwanza kucheza mchujo wa awali, na akipoteza mara mbili amekwisha.

Nani aliamua? Si mechi ya mwisho ya Aprili peke yake. EuroLeague hupanga timu kwa ushindi na vipigo, na mbili zikilingana kinachotazamwa kwanza ni mechi walizokutana wao kwa wao. Kama kila mmoja alishinda moja, inatazamwa tofauti ya pointi katika mechi hizo mbili. Ikilingana hata hapo, ndipo inapofuata tofauti ya pointi ya msimu mzima, kisha jumla ya pointi zilizofungwa. Kwa hiyo kila timu inapoingia uwanjani kuna mashindano mawili yanayochezwa kwa wakati mmoja. La kwanza ni mechi ya leo. La pili ni mechi ya dakika 80, nusu yake ikichezwa kwako na nusu kwake, na pengine miezi mitatu au minne inapita katikati.

Mechi hii ya dakika 80 ndiyo inayopotezwa kizembe, na inapotezwa karibu kila mara kwa namna ile ile. Timu iko nyuma kwa pointi 9 ugenini, imebaki dakika moja na nusu. Kocha anawatoa wakongwe. Wanaoingia wanarusha mitupo ya haraka, mmoja anapoteza mpira kati ya uwanja, wenyeji wanapata vikapu viwili vya bure, na mechi inaisha kwa tofauti ya 14. Kwenye gazeti ni kipigo tu. Kwenye msimamo wa Aprili ni pointi 5 ambazo timu itazidai siku ya marudiano na pengine isizipate. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sekunde hizo 90 ndizo ufa wenyewe.

Tuchukue mfano wa darasani tuufanyie kazi. Mwezi Oktoba mlifungwa ugenini kwa pointi 9. Leo mko nyumbani, mnaongoza kwa 12, zimebaki sekunde 40 na mpira ni wenu. Mkishinda kwa 10 au zaidi mnawapita. Mkishinda kwa 9 kamili mmelingana, na mambo yanahamia kwenye tofauti ya msimu mzima. Mkishinda kwa 8 mmeshinda mechi na kushindwa lile shindano jingine. Mazoea ni mlinzi kuuchezea mpira pale kati huku benchi likishangilia. Msikubali. Tumieni muda, lakini shambulieni kweli zikiwa zimebaki sekunde 6 au 7 kwenye saa ya kushambulia ya sekunde 24, kwa mtupo ambao ukikosa wachezaji wawili wameshaanza kurudi nyuma. Mpinzani atabaki na sekunde takriban 20. Hapo akiba yenu ni pointi 3 juu ya zile 9. Kikapu cha mbili kinawaacha na 10, bado mko salama. Kikapu cha tatu kinawashusha hadi 9. Maana yake ulinzi unageuka: wachezaji wanasimama kwenye mstari wa mita 6.75, wanaacha njia ya kwenda kikapuni wazi, na hakuna anayenyoosha mkono kumgusa mrushaji, kwa sababu faulo juu ya mtupo wa tatu ulioingia huzaa pointi nne.

Na wakiupata huo mtupo wa tatu zikiwa zimebaki sekunde 8? Ombeni taimu-auti. Katika dakika mbili za mwisho saa husimama kikapu kinapoingia, na aliyefungwa ana haki ya kuomba, kisha anaweza kuchagua kurusha mpira kutoka upande wa mbele wa uwanja. Ninajua kuna makocha wanaoona haya kuomba taimu-auti wakiwa mbele kwa 9, wakihofia kuonekana wanamdhalilisha mwenzao. Haya hiyo ina gharama. Kocha mwenzako anaujua msimamo, na asipoujua atauelewa ukimwambia wakati wa kupeana mikono.

Dawa ni kadi. Kabla ya kila mechi ya marudiano, kocha msaidizi aandike kwenye kadi ndogo vitu vinne: matokeo ya mechi ya kwanza, tofauti mnayoitaka, tofauti inayowalinda hata mkifungwa, na tofauti ya pointi ya msimu mzima kwa timu zote mbili. Kapteni aione kabla ya robo ya nne. Kosa la kawaida ni kadi kubaki mfukoni mwa kocha, wachezaji watano uwanjani wakiwa hawana habari.

Kuna mambo mawili ya kanuni ambayo yanawachanganya hata wazoefu.

La kwanza ni muda wa ziada. Katika EuroLeague pointi zinazofungwa muda wa ziada hazihesabiwi kwenye tofauti za kutenganisha timu. Mechi iliyokuwa sare baada ya dakika 40 inampa mshindi ushindi wake, lakini tofauti yake ni sifuri. Kanuni za kawaida za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinahesabu zote. Kwa hiyo kocha anayeongoza kwa 2 huku akihitaji 7, chini ya FIBA anaweza kuota kwamba dakika tano za ziada zingemsaidia, na kwa miaka mingi watu wamejaribiwa kufanya vituko. Mtakumbuka pia kwamba mchezaji akifunga kwenye kikapu cha timu yake mwenyewe kwa makusudi ni kosa na pointi hazihesabiwi, basi mlango huo nao umefungwa. Someni kanuni za mashindano yenu kabla msimu haujaanza mjue mko upande gani.

La pili ni timu tatu kulingana. Hapa watu huanza kuzitenganisha mbili mbili, A na B, kisha B na C, na wanapata jibu linalozunguka kama mbwa anayekimbiza mkia. Sivyo. Hutengenezwa msimamo mdogo wa mechi za hizo timu tatu peke yake, ushindi na vipigo vyao tu, na tofauti za pointi za mechi hizo tu. Matokeo dhidi ya timu ya nne hayaingii hata kama yalikuwa ya kishindo. Maofisa wa meza, hili ni lenu: wekeni jedwali la mechi za ana kwa ana tangu mzunguko wa kwanza, kwa sababu kulitafuta baada ya mzunguko wa mwisho, viongozi watatu wakiwa wamesimama nyuma ya kiti chako, ndiko kunakozaa makosa.

Turudi Ulaya. Mchujo wa awali ulikwenda hivi: wa saba anamkaribisha wa nane, mshindi anachukua nafasi ya saba. Wa tisa anamkaribisha wa kumi, anayepoteza anaondoka. Kisha aliyepoteza kati ya saba na nane anamkaribisha mshindi wa ile nyingine, na mshindi anaingia kama wa nane. Maccabi waliichapa Baskonia 113-85. Virtus Bologna, waliokuwa miongoni mwa timu za juu nusu ya kwanza ya msimu kabla ya kuporomoka hadi nafasi ya kumi, walikwenda Istanbul wakaitoa Anadolu Efes 67-64, kisha wakasafiri hadi Vitoria, nyumbani kwa Baskonia, na kufungwa 89-77. Thawabu ya Baskonia ilikuwa Real Madrid, na walitolewa 3-0.

Maccabi wanastahili tusimame kidogo. Kwa sababu ya vita vya Gaza, mechi zao za nyumbani msimu ule walizichezea Belgrade. Fikirieni timu ambayo kila mechi kwake ni safari: hoteli siku zote, pete za kikapu ambazo wachezaji hawakukua nazo, mazoezi kwa ratiba ya mwenye ukumbi. Katika hali hiyo walimaliza na ushindi 20, sawa na timu iliyoshika nafasi ya sita, wakashinda mchujo wa awali, na wakawaburuza mabingwa wajao hadi mechi ya tano. Katika mambo yote ya msimu huo, hili ndilo ninalolistaajabia kuliko mengine.

Robo fainali ni ya kushinda mechi tatu kati ya tano. Mbili za kwanza kwa aliye juu, mbili zinazofuata kwa aliye chini, ya tano inarudi kwa aliye juu. Real ndio pekee waliomaliza mapema. Tatu zilizobaki zote zilifika mechi ya tano, na zote tatu zilitoka kwenye zile jozi zilizolingana. Panathinaikos walifungwa mechi ya kwanza Athens na Maccabi, wakajikuta nyuma 2-1, wakaenda kuokoa roho zao Belgrade, kisha wakamalizia nyumbani. Monaco walipoteza ya tano kwao kwa pointi moja, Fenerbahçe 80, wao 79. Barcelona, walioshinda vita ya nafasi ya nne kwa hesabu, walipoteza ya kwanza kwao na ya tano kwao, ile ya mwisho kwa 63-59 mbele ya Olympiacos.

Kwa hiyo faida ya uwanja katika mechi ya tano iliwafaa Panathinaikos na haikuwafaa Monaco wala Barcelona. Nalisema waziwazi kwa sababu sitaki mtu aondoke hapa akidhani hesabu inashinda mechi. Tazameni ile 63-59. Mechi ya tano huchezwa na timu ambazo zimeshaonana mara nne ndani ya wiki mbili. Kila mwito wa mchezo unajulikana, kila skrini, yaani mchezaji kusimama kumzibia njia mlinzi, inasubiriwa. Mchezo wa kwanza mliouandaa hautafanya kazi, hivyo anayeshinda ni mwenye mchezaji anayeweza kuumba mtupo katika sekunde 7 za mwisho za saa ya kushambulia, na anayedaka ribaundi baada ya mtupo mbaya. Ribaundi ya kushambulia inarudisha saa kwenye 14 tu, si 24, kwa hiyo hata hapo hakuna muda wa kupanga upya. Mazoezi ya wiki ya mechi ya tano yawe ya mashambulizi ya sekunde 14. Makocha wengi huyaanza yote kutoka 24 na wachezaji wanashangaa siku yenyewe.

Sasa Panathinaikos wenyewe. Msimu wa 2022-23 walikuwa wa 17 kati ya 18, ushindi 11 na vipigo 23. Mwaka mmoja baadaye ni mabingwa, kombe lao la saba na la kwanza tangu 2011. Walimleta kocha Ergin Ataman, aliyekuwa ameshinda mara mbili mfululizo na Efes, 2021 na 2022. Walimchukua Kostas Sloukas kutoka kwa mahasimu wao Olympiacos, na Mathias Lessort kutoka Partizan. Kendrick Nunn alikuja msimu ukiwa umeshaanza. Jerian Grant akapewa kazi ya kumkaba mwenye mpira wa upande wa pili. Pesa ilikuwepo, hakuna anayekataa, lakini pesa ilikuwepo kwingine pia. Uzuri wa kikosi kile ni jinsi vipande vilivyoshikana: waongoza mpira wawili wanaoweza kufunga kutoka kwenye skrini bila kufika kikapuni, mtu mmoja mwenye nguvu anayekata kuelekea kikapuni baada ya kuweka skrini, na warefu kama Juancho Hernangómez na Dinos Mitoglou wanaorusha kutoka nje ili katikati pabaki wazi.

Vipande hivyo vilikuwa jibu la swali gumu kuliko yote ya EuroLeague wakati ule, yaani Walter Tavares wa Real Madrid. Ni mwana wa visiwa vya Cape Verde, urefu mita 2.20. Skrini inapowekwa juu, Tavares hatoki kumfuata mwenye mpira. Anarudi nyuma karibu na kikapu na kusubiri. Anayekwenda hadi chini anazuiwa. Anayempasia mkataji, pasi inakutana na mikono ile. Kinachobaki ni mtupo wa mita nne au tano, baada ya hatua mbili kutoka kwenye skrini, ambao timu nyingi haziupendi kwa kuwa ni pointi mbili tu. Sloukas na Nunn wanauishi. Ukiupiga huo mara tatu mfululizo, Tavares analazimika kupanda hatua moja, na hatua hiyo moja ndiyo Lessort anayoihitaji nyuma yake.

Kwenye nusu fainali Panathinaikos waliwabana Fenerbahçe ya kocha Šarūnas Jasikevičius hadi pointi 57, wakashinda 73-57. Real waliifunga Olympiacos 87-76. Fainali ikaanza kama kifo. Robo ya kwanza Real walifunga pointi 36 kwa 25. Robo moja ya EuroLeague ina mashambulizi takriban 18 kwa kila upande, kwa hiyo Real walikuwa wakipata pointi mbili kila walipogusa mpira, na shambulizi zuri la kawaida ni pointi moja na kidogo. Hapo kocha wa kawaida anabadilisha kila kitu. Ni kosa. Kiwango kile hakidumu kwa timu yoyote, na ukivunja mpango wako ili kukikimbilia unapoteza na kile ulichokuwa nacho. Panathinaikos walikuwa wamefunga 25, kiasi kizuri. Shambulizi lao halikuhitaji kuguswa. Robo ya pili walishinda 24-18, wakaenda mapumziko wakiwa nyuma 54-49.

Kisha robo ya tatu: Panathinaikos 15, Real 7. Pointi saba kwa dakika kumi, kwa timu iliyokuwa imefunga 36 katika dakika kumi za mwanzo. Angalieni pia ile 15. Haikuwa robo nzuri ya kushambulia hata kwa washindi. Walichofanya ni kuipunguzia mechi mwendo mpaka ikawa ya nusu uwanja, ambako mbio za Real baada ya ribaundi zilikosa nafasi. Hilo linaanzia kwenye ubora wa mitupo yako mwenyewe: mtupo uliopangwa, wawili nyuma tayari, hakuna mpira unaopotezwa katikati ya uwanja. Ulinzi wa mbio hujengwa kwenye shambulizi. Baada ya dakika 30 ilikuwa 64-61, na robo ya mwisho Panathinaikos wakafunga 31 kwa 19. Sloukas alimaliza na pointi 24 na tuzo ya mchezaji bora wa hatua ile ya fainali. Kwake lilikuwa kombe la nne, baada ya mawili na Olympiacos na moja na Fenerbahçe.

Ukumbi ule wa Berlin ni nyumbani kwa ALBA, waliomaliza msimu mkiani, nafasi ya 18. Na siku sita baada ya fainali hiyo, Juni 1, 2024, hapa kwetu Afrika Mashariki, Petro de Luanda ya Angola waliifunga Al Ahly Ly ya Libya 107-94 jijini Kigali na kuchukua ubingwa wa BAL, ligi ya kikapu ya vilabu vya Afrika. Waliokuwa na hamu ya kikapu wiki ile hawakulala.

Kadi za mfano za marudiano ziko pale mezani, pamoja na jedwali tupu la mechi za ana kwa ana kwa ligi ya timu 12. Maofisa wa meza chukueni mbili mbili. Tuanze maswali na makocha wa vijana, halafu waamuzi, maana najua suala la muda wa ziada halijawaridhisha.